Stand Watie na jiwe la Tahlequah: taifa moja, wafu wa pande mbili

Katika mji wa Tahlequah, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, kuna uwanja mbele ya jengo la zamani la serikali ya taifa la Cherokee. Kwa karibu miaka 100 palisimama hapo jiwe la granaiti lililowekwa mwaka wa 1921 kwa heshima ya jenerali mmoja, mwana wa taifa hilo. Uwanjani hapo palikuwa pia na chemchemi ya ukumbusho iliyojengwa mwaka wa 1913 kwa ajili ya waaskari wa upande wake. Tarehe 13 Juni 2020, wakuu wa taifa hilohilo walileta mashine, wakaiondoa minara yote miwili.

Jenerali huyo aliitwa Stand Watie. Mtu anaweza kujiuliza: kwa nini taifa liondoe jiwe la mwana wake mashuhuri? Ili kujibu, haitoshi kulitazama jiwe. Inabidi tuyafuate maisha ya mtu huyu tangu utoto wake, kwa sababu ndani yake mna shule ya misioni, ardhi iliyonyang'anywa, ndugu waliouana, na vita vilivyowafanya Wacherokee kupigana Wacherokee. Wapendwa, makanisa yetu yanaishi kati ya watu wanaobeba kumbukumbu za vita. Kwa hiyo historia hii, ingawa ni ya mbali, tunaisoma kwa makini.

Mtoto wa misioni

Stand Watie alizaliwa tarehe 12 Desemba 1806, mahali paitwapo Oothcaloga, katika nchi ya Wacherokee ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Georgia. Jina lake la kienyeji lilikuwa Degataga, maana yake yeye asimamaye imara. Baba yake, Uwatie, alikuwa ndugu wa Major Ridge, mmoja wa wakubwa wa taifa. Jamaa hiyo iliwapokea wamisionari wa Kanisa la Moravia. Mtoto akabatizwa kwa jina la Isaac, akasomeshwa katika shule yao huko Spring Place, na huko akajifunza Kiingereza.

Ndugu yake mkubwa, Buck, alikuwa na akili nyingi za vitabu. Alipelekwa kusoma Cornwall, katika jimbo la Connecticut, na akajitwalia jina la Elias Boudinot, mzee mmoja aliyekuwa rais wa Chama cha Biblia cha Marekani. Wakati huo Mcherokee mwingine, Sequoyah, alikuwa amebuni maandishi ya lugha yao, yenye alama zipatazo 85. Watu wengi wakajua kusoma kwa muda mfupi. Mwaka wa 1828 Boudinot akawa mhariri wa gazeti la Cherokee Phoenix, lililochapwa New Echota, mji mkuu wa taifa, kwa Kicherokee na Kiingereza. Stand alimsaidia ndugu yake katika kazi hiyo. Boudinot alifanya kazi bega kwa bega na mmisionari Samuel Worcester, na wawili hao wakatafsiri Injili ya Matayo na nyimbo za ibada.

Ndivyo taifa hilo lilivyokuwa: lilikuwa na katiba, bunge, mahakama, mashamba, makanisa na gazeti. Hatuna budi kusema pia kwamba matajiri wao walikuwa na watumwa weusi, kwa mfano wa Wazungu waliowazunguka. Jambo hilo lilionekana kuwa la kawaida wakati ule. Baadaye lilizaa matunda machungu.

Sahihi iliyogawa taifa

Dhahabu ilipopatikana katika nchi ya Wacherokee kuelekea mwaka wa 1829, Wazungu wa Georgia walimiminika. Mwaka uliofuata, Rais Andrew Jackson alipata sheria ya kuwahamisha wenyeji wote kupeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Georgia ikagawa mashamba ya Wacherokee kwa raia wake kwa kupiga kura ya bahati. Mzungu yeyote aliyekaa kati yao alitakiwa kuapa utii kwa jimbo. Worcester alikataa, akahukumiwa miaka 4 ya kazi ngumu gerezani. Mwaka wa 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba Georgia haina mamlaka juu ya nchi ya Wacherokee. Lakini Georgia haikutii, wala Jackson hakuilazimisha.

Hapo ndipo njia za viongozi zilipoachana. Kiongozi mkuu, John Ross, alisema tusimame, tuendelee kudai haki yetu, tusiuze hata kipande. Alikuwa na watu wengi nyuma yake. Major Ridge, mwanawe John Ridge, Boudinot na Stand Watie walifikia wazo lingine: kwamba nchi imekwisha kupotea, na ni afadhali kupata malipo na kuhama kuliko kuangamia. Boudinot alitaka kuandika wazo hilo katika gazeti ili watu walijadili. Ross hakumruhusu. Boudinot akajiuzulu mwaka wa 1832.

Tarehe 29 Desemba 1835, huko New Echota, nyumbani mwa Boudinot, watu wapatao 20 walitia sahihi mkataba wa kuitoa nchi yote ya mashariki kwa dola milioni 5 na ardhi upande wa magharibi. Watie alitia sahihi yake baadaye huko Washington. Hawakutumwa na bunge la taifa. Maelfu ya Wacherokee waliandika majina yao kupinga, lakini Seneti ya Marekani iliupitisha mkataba kwa kura moja ya ziada.

Tunapaswa kuwa waangalifu hapa. Ni rahisi kuwaita watu hao wasaliti na kufunga kitabu. Waliona hatari kweli, na hatari hiyo ilikuja. Lakini walijitwalia mamlaka ambayo watu hawakuwapa. Mtu anaweza kuona mbali, na bado akakosea kwa kuamua peke yake juu ya nchi ya wote.

Watie alihamia magharibi mwaka wa 1837, akajenga karibu na kijito cha Honey Creek. Wengi walibaki na Ross. Mwaka wa 1838 waaskari wapatao 7,000 waliwatoa watu majumbani mwao na kuwafungia katika maboma. Kisha wakasafirishwa, wengi wao wakati wa baridi kali, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Kati ya watu 16,000 hivi, inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Mke wa Ross alikuwa mmoja wao. Safari hiyo inaitwa Njia ya Machozi. Jesse Bushyhead, mhubiri Mcherokee, aliongoza kundi mojawapo. Evan Jones, mmisionari wa Kibatisti, naye alitembea pamoja na waamini wake. Kanisa halikubaki nyuma kulinda majengo. Lilikwenda na watu.

Siku moja, vifo vitatu

Wacherokee walikuwa na sheria kwamba anayeuza nchi ya taifa bila ruhusa atauawa. Major Ridge mwenyewe aliiunga mkono sheria hiyo zamani. Waliofika magharibi wakiwa wamezika watoto na wazee njiani hawakuisahau.

Tarehe 22 Juni 1839, asubuhi, watu walimtoa John Ridge nyumbani mwake, wakamuua mbele ya jamaa yake. Siku ileile Major Ridge alipigwa risasi njiani. Na huko Park Hill watu walimwendea Boudinot wakiomba dawa, kwa maana alizoea kuwasaidia wagonjwa. Alipotembea nao wakamuua kwa visu na shoka, karibu na nyumba ya Worcester, rafiki yake na mwenzake katika kutafsiri Neno.

Jina la Stand Watie lilikuwa pia kati ya waliotafutwa. Mjumbe alitumwa juu ya farasi wa Worcester, akamfikia kwa wakati, naye akaokoka. Katika siku moja alipoteza ndugu, baba mkubwa na binamu. Alikuwa na umri wa miaka 32. Ross alikana kwamba alihusika, lakini Watie hakumwamini.

Tangu siku hiyo kisasi kikawa na miguu. Mwaka wa 1842, katika duka moja upande wa Arkansas, Watie alimuua James Foreman, ambaye alihesabiwa kati ya wauaji wa Ridge. Mahakama ya Arkansas ilisema alijitetea, ikamwachilia. Mwaka wa 1845 ndugu yake Thomas naye akauawa. Usiku watu walilala na bunduki kando ya kitanda. Jamaa nyingi zilikimbilia ng'ambo ya mpaka.

Mwaka wa 1846, huko Washington, pande hizo zilitia sahihi mkataba wa amani. Msamaha ukatangazwa kwa wote. Ross na Watie walipeana mikono. Miaka 15 iliyofuata ilikuwa ya heri. Mwaka wa 1851 taifa lilifungua shule mbili kubwa, moja ya wavulana na moja ya wasichana. Watie aliingia katika bunge la taifa, akawa hata spika. Alioa Sarah Bell, wakapata wana watatu na mabinti wawili. Alikuwa na shamba kubwa na watumwa wa kulilima.

Lakini mikono iliyopeanwa Washington haikuwa imegusa mioyo ya vijijini. Hakuna aliyeketi na wajane wa Njia ya Machozi pamoja na wajane wa mwaka wa 1839 ili kila mmoja asikie msiba wa mwenzake. Moto ulifunikwa kwa majivu, nao ulikuwa ungali hai chini yake.

Vita vya wageni vikawa vita vya ndugu

Mwaka wa 1861 Marekani yenyewe iligawanyika. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili kulinda utumwa, na Kaskazini ikakataa nchi ivunjike. Ross alitaka Wacherokee wakae kando. Wengi wa watu wake, hasa waliokusanyika katika chama cha Keetoowah, waliupinga utumwa. Evan Jones na mwanawe John walikuwa karibu nao, na tayari walikuwa wamewatenga wenye watumwa katika makanisa yao. Watie hakungoja. Aliunda kikosi, akapewa cheo cha kanali upande wa Kusini.

Waaskari wa serikali ya Marekani walipoondoka katika ngome za eneo hilo, na Kusini iliposhinda pale Wilson's Creek mwezi wa Agosti, Ross aliona hana njia. Tarehe 7 Oktoba 1861 alitia sahihi mkataba na Kusini. Kikosi kilichomtii Ross kiliundwa pia, lakini mwezi wa Desemba, kilipoagizwa kuwapiga Wakriki waliokuwa wanakimbilia Kaskazini, waaskari wengi walitoroka usiku. Hawakutaka kuwaua jirani zao. Mwaka wa 1862 sehemu kubwa ya kikosi hicho ilihamia upande wa Kaskazini. Jeshi la Kaskazini likamchukua Ross, naye akakaa mashariki hadi mwisho wa vita. Watu wa Watie wakamchagua huyu kuwa kiongozi mkuu. Sasa taifa dogo lilikuwa na wakuu wawili na majeshi mawili. Mwezi wa Februari 1863 bunge la upande wa Ross lilivunja mkataba na Kusini, na likafuta utumwa.

Katika vita, Watie alikuwa hodari. Pale Pea Ridge, mwezi wa Machi 1862, watu wake waliteka mizinga. Alijua vichaka na vivuko, alipiga haraka na kutoweka. Tarehe 15 Juni 1864 aliteka meli ya mvuke kwenye mto Arkansas, iliyojaa vyakula na nguo. Waaskari wake wengi wakabeba walichoweza, wakaenda nyumbani kwa sababu jamaa zao walikuwa na njaa. Mwezi wa Mei mwaka huohuo alikuwa amepewa cheo cha brigedia jenerali. Mwezi wa Septemba, pamoja na Jenerali Gano wa Texas, aliteka msafara wa magari yapatayo 300 pale Cabin Creek, mali yenye thamani ya dola milioni 1 na nusu hivi. Siku chache kabla ya hapo, majeshi yao yalikuwa yameshambulia kambi ya wakata majani. Humo mlikuwa waaskari weusi wa Kaskazini, na wengi wao waliuawa bila kuhurumiwa.

Mwezi wa Oktoba 1863 aliingia Tahlequah na kuchoma moto nyumba ya bunge ya taifa lake mwenyewe. Kisha akachoma nyumba ya Ross huko Park Hill. Katika safari hiyo Andrew Nave, mkwe wa Ross, aliuawa kwa risasi. Watie alimwandikia mke wake habari hizo, na katika barua alikiri kwamba alisikitika, kwa sababu Nave alikuwa rafiki yake kabla ya vita.

Barua hizo zimehifadhiwa, na ndani yake tunamwona Sarah. Alikuwa mkimbizi kusini, akihangaika kupata chakula cha watoto. Mmoja wa wana wao alifariki katika wakati huo wa vita. Hata hivyo, aliposikia uvumi kwamba mwanawe Saladin alimuua mfungwa, alihuzunika sana. Alimwomba mume wake awafundishe vijana kuwa na huruma, kwa maana nao wanaihitaji huruma ya Mungu. Na Watie, akieleza habari za Tahlequah, alisema kuna wafungwa aliowaacha hai kwa ajili ya ombi lake. Majeshi yote ya nchi ile hayakuweza kuwaokoa watu hao. Waliokolewa na neno la mama mmoja mkimbizi.

Wajane na yatima

Jenerali Lee, mkuu wa majeshi ya Kusini, alisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865. Watie aliendelea zaidi ya miezi miwili. Tarehe 23 Juni, pale Doaksville katika nchi ya Wachoktaw, aliweka silaha chini. Katika majenerali wote wa Kusini, yeye alikuwa wa mwisho kusalimu amri. Kwa ajili ya hilo anajulikana mpaka leo, na wenye kupenda habari za vita wanalitaja kwa sifa.

Lakini tuhesabu kwa njia nyingine. Tayari mwaka wa 1863, hesabu iliyofanywa kati ya Wacherokee ilionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake walioolewa walikuwa wajane, na robo ya watoto walikuwa yatima. Na vita vilikuwa bado na miaka miwili mbele. Maelfu walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa njaa na magonjwa ya kambini, wa Kaskazini huko Kansas na Fort Gibson, wa Kusini kandokando ya mto Red na Texas. Mifugo iliibwa, nyumba zikabaki majivu. Wacherokee hawakuvianzisha vita hivyo. Lakini kila upande ulitumia vita vya wakubwa kumaliza deni lake la mwaka wa 1839.

Baada ya vita, watu wa Watie waliomba taifa ligawanywe mara mbili. Hawakupata. Mkataba wa tarehe 19 Julai 1866 uliliacha taifa moja, ukafuta sheria za kunyang'anya mali za walioshindwa, na ukasema watumwa walioachwa huru pamoja na uzao wao watakuwa na haki zote za Mcherokee. Ross alifariki Washington siku chache baadaye, tarehe 1 Agosti.

Watie alirudi kwenye ardhi iliyoharibika. Pamoja na mwana wa ndugu yake Boudinot, alifungua kiwanda cha tumbako, wakitegemea mkataba wa 1866 uliowaondolea kodi. Serikali ya Marekani ilikamata kiwanda hicho, na mwaka wa 1871 Mahakama Kuu ikasema kwamba sheria mpya ya kodi inashinda mkataba. Ndivyo mtu aliyetia sahihi mkataba wa kuhama, akiamini kwamba neno la Washington litalinda watu wake, alivyofilisika kwa sababu neno la Washington halikutunzwa. Wana wake wote walikufa kabla yake. Yeye alifariki tarehe 9 Septemba 1871, akazikwa katika makaburi ya Polson. Miaka michache baadaye mabinti wake wawili nao wakafa. Sarah akabaki peke yake.

Mchungaji aliyewaita maadui

Habari za taifa lile hazikuishia kaburini. Mwaka wa 1867 Wacherokee walimchagua Lewis Downing kuwa kiongozi mkuu. Downing alikuwa mchungaji wa Kibatisti. Katika vita alikuwa luteni kanali upande wa Kaskazini, yaani adui wa Watie kwa silaha. Lakini alikwenda kwa watu wa Kusini, akakubaliana nao kugawana kazi za serikali. Evan na John Jones walimsaidia. Wengi wa upande wake waliona jambo hilo gumu, kwa sababu majivu ya nyumba zao yalikuwa bado yanaonekana. Hata hivyo likafanyika. Chama kipya kilichotokana na mapatano hayo kiliunganisha watu waliokuwa wanawindana, na taifa halikurudia tena vita vya ndani vya namna ile. Nyumba ya bunge ilijengwa upya, na nyumba ya kulelea yatima ikafunguliwa kwa watoto wa pande zote mbili.

Inatushangaza kidogo kwamba Downing hajulikani kama Watie. Aliyekuwa wa mwisho kuweka silaha anatajwa kila mahali. Aliyekuwa wa kwanza kunyosha mkono anatajwa na wachache.

Jiwe lilisema nini?

Sasa tunaweza kurudi kwenye uwanja wa Tahlequah. Kuelekea mwaka wa 1907, Oklahoma ilipofanywa jimbo, serikali ya Marekani ilikuwa imevunja karibu mamlaka yote ya taifa la Cherokee. Jengo la serikali yao likawa mahakama ya kaunti. Ni katika wakati huo, taifa likiwa halina sauti juu ya uwanja wake lenyewe, ndipo chama cha United Daughters of the Confederacy kilipoweka chemchemi na jiwe. Chama hicho kilijenga minara mingi huko Marekani kuutukuza upande wa Kusini.

Jiwe lile lilimheshimu jenerali wa Kusini. Halikusema kwamba Wacherokee wengi walipigana upande wa pili. Halikusema nani aliichoma nyumba ya bunge iliyokuwa hapohapo zamani. Halikuwataja wajane, wala watumwa ambao vita vilikuwa juu ya shingo zao. Wajukuu wa watumwa hao walipita mbele ya jiwe hilo miaka mingi, huku haki waliyopewa mwaka wa 1866 ikibishaniwa. Ni mwaka wa 2017 tu ndipo mahakama ya Marekani ilipothibitisha kwamba wao ni raia kamili wa taifa la Cherokee, na taifa likakubali.

Kwa hiyo kiongozi mkuu Chuck Hoskin Jr. alipoamuru minara iondolewe mwaka wa 2020, hakumfuta Watie katika historia. Kaburi lake lipo, barua zake zinasomwa, na Wacherokee wanajua vizuri kwamba alikuwa ndugu yao. Kilichoondolewa ni sauti ya upande mmoja iliyosimama mahali pa wote.

Sisi wachungaji tunaombwa mara nyingi kuwaombea wafu wa vita wakumbukwe, kuweka msalaba au bamba la majina, kuongoza ibada ya ukumbusho. Ni kazi njema, na waliofiwa wanaihitaji. Lakini tukisoma orodha ya majina mbele ya kusanyiko, tujiulize ni nani aliyeketi kwenye benchi la nyuma akingoja jina la mtoto wake, nalo halisomwi. Yoshua alipowavusha Waisraeli Yordani, aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni, kwa hesabu ya makabila yote. Kabila lenye watu wachache lilibebewa jiwe lake pia. Ndipo watoto walipouliza maana ya mawe yale, kila baba aliweza kujibu bila aibu, na bila kumfanya jirani yake ainamishe kichwa.